Kuita Mpaka Uitikiwe

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Aprili, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nikiwa nimeshika birika la senge, dada ya baba yangu, kando ya foleni ya malori Malaba. Najua mpaka dakika kwa sababu niliangalia simu mara tatu, nikitumaini kwamba muda umepita na safari haiwezekani tena.

Brenda na Akoth, shule ilipofunguliwa mliniuliza mbona nimerudi na sauti ya kukwaruza kama ya mzee wa kwaya, mimi ambaye huambiwa niseme mara tatu ndio nisikike mara moja. Niliwaambia ni homa. Haikuwa homa. Nimeandika yote humu kwa sababu kwa mdomo nitafika katikati ninyamaze. Mkimaliza mnirudishie daftari, na msimpe mtu.

Kwanza mjue nilichokuwa naogopa. Kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba, kule Rukala, nyumba zimejipanga kando ya tuta linalozuia mto. Maji yakianza kuvuka tuta, nyumba ya juu huita ya pili, ya pili huita ya tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Huo ndio mwito. Sheria yake ni moja, na watoto huijua kabla ya kujua kusoma: unaita mpaka uitikiwe, na hugusi kitu chako kabla ya kuitikiwa.

Mwaka jana nilikuwa naishi na kukhu. Maji yalikuja mchana, mvua ikipiga mabati mpaka huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Nyumba ya juu ikatuita, kukhu akaitika. Mguu wake ni mbaya, kwa hivyo akanituma mimi nimwite jirani wa chini yetu, Mama Pamela. Nilifika kwenye ua. Maji yalikuwa yamefika kwa vifundo vya miguu na kuna kitu kilinigusa, sijui kama ni nyoka au ni mzizi. Nikaita mara moja, kwa sauti yangu hii mnayoijua. Sikungoja. Nilirudi mbio nikachukua sanduku langu la vitabu, na kukhu alipouliza nikasema, "Ameitika."

Mama Pamela alikuwa amelala. Aliamshwa na maji kitandani. Akapanda meza, kutoka meza akajaribu kushika boriti, akaanguka. Mashua ilimtoa kesho yake. Mkono wake wa kulia ulipona vibaya, umepinda, na yeye ni msukaji wa mikeka ya mafunjo.

Hakuna aliyenilaumu. Walisema Mama Pamela amezeeka, hasikii vizuri, aliitika usingizini akalala tena. Yeye mwenyewe akaamini. Mimi nikahamia Malaba kwa senge, anayeuzia madereva chai na chapati, na nikaanza tabia ya kujiuma ulimi kila nikikumbuka. Mliwahi kuniuliza vidonda vya mdomo vinatoka wapi. Ndiyo hivyo.

Halafu Alhamisi kukhu akapiga simu. "Mama Pamela anahama. Kijana wake anakuja kumchukua Jumapili ampeleke Nakuru. Anasema masikio yamemwisha, hawezi kukaa kwa tuta na hasikii mwito. Siku hizi tunamruka tu, napiga mtungi mpaka nyumba ya chini yake isikie. Analia, lakini tufanye nini? Unanisikia?"

Nilisikia. Nilikuwa na siku mbili.

Malaba, kwenye foleni

Senge nilimwambia nina hamu ya kumwona kukhu. Hakuuliza sana, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida na chai ilikuwa inaisha kabla haijachemka. Alinitafutia lori. Madereva wengine walikuwa wameambiwa wageuze, wakavukie Busia, na mmoja wao alikuwa mteja wake, Mzee Hamisi wa Mombasa. Tanboi wake, msaidizi wa lori, alikuwa amebaki Eldoret akiugua.

"Mbebe huyu mpaka Busia," senge akamwambia. "Haongei. Hatakusumbua."

Mzee Hamisi aliniangalia, akaangalia kiti, akaangalia barabara. Hakufurahi.  Mimi na mwanamume nisiyemjua, peke yetu, kwa lori. Senge alikuwa ameshageuka kupigania kikombe na mteja mwingine.

Kugeuza trela kwenye foleni kulichukua zaidi ya saa nne. Lori la mbele lazima lisogee, la nyuma lirudi, na hakuna anayetaka kupoteza nafasi aliyoilalia siku mbili.

"Boss, rudi nyuma kidogo," Mzee Hamisi alisema dirishani.

"Nirudi wapi? Kwa tumbo la mama yangu?" dereva wa nyuma akajibu.

"Nusu mita tu, ndugu yangu."

"Nusu mita ndiyo hiyo hiyo watu huingilia."

Mpaka senge akaja na chapati mbili, akampa yule wa nyuma bure, ndipo nusu mita ikapatikana.

Wakati huo wote nilijaribu kile Madam wetu wa ushauri anachotufundisha Jumatano kwenye maabara. Nyinyi hamjawahi kuja, na mlitucheka kwamba sisi sita tunaenda kulala juu ya stuli. Hatulali. Unaweka nyayo chini, unaangalia pumzi ikiingia na ikitoka. Akili ikikimbia, unaifuata na kuirudisha bila kuichapa. Hilo Madam hulirudia: bila kuichapa. Halafu kuna maneno. Kwanza unajiambia mwenyewe: niwe salama, niwe na amani, nikikosea nijihurumie. Kisha unamwombea hayo hayo mtu unayempenda, kisha mtu usiyemjua, mwisho mtu mwenye shida na wewe.

Muhula mzima, yale maneno ya tatu nilikuwa nachezesha midomo tu. Ningewezaje kujihurumia, na mkono wa mtu umepinda?

Kabla ya Amukura

Tulipoondoka ilikuwa karibu saa sita.  Mzee Hamisi alikuwa na mikono mikubwa na alikuwa akiangalia kioo cha pembeni kila mara. Nikaanza kufikiria anaangalia nani.

Kabla ya kufika njia panda ya kwenda Amukura, akapunguza mwendo, akatoka barabarani, akazima injini. Hakuniambia kitu. Aliteremka, akachukua mtungi wa maji na kitu kilichokunjwa nyuma ya kiti, akazunguka nyuma ya lori, nisikoweza kumwona.

Sitawadanganya. Niliogopa mpaka nikasahau namna ya kufungua mlango. Nilishika kalamu kama kisu. Nilijaribu pumzi, pumzi ikakataa. Niliposema niwe salama, kichwa kilinijibu, nani atakusikia ukiita, wewe mwenye sauti ya panya? Nikafumba macho. Nikaweka nyayo chini. Sakafu ya lori ilikuwa na joto kutoka kwa injini, na hilo joto ndilo kitu pekee nilichoweza kukiangalia. Nikaliangalia. Likawa joto tu. Nikapata pumzi moja, halafu nyingine.

Nilipofumbua macho nilisogea kwenye dirisha la pili na kuchungulia. Mzee Hamisi alikuwa juu ya mkeka, viatu vimepangwa kando, paji la uso liko chini. Ilikuwa sala ya adhuhuri tu.

Alirudi akanikuta nimefumba macho tena, safari hii kwa aibu.

"Mwanangu, waumwa?" akauliza. Hakuingia. Alisimama mbali na mlango.

"Hapana, mzee."

"Basi wafanya nini?"

Nikamwambia kwa kifupi, pumzi na maneno. Alisikiliza. Kisha akasema, "Waniogopa."



"Nami nakuogopa wewe," akasema. "Binti wa shule, peke yake, kwenye gari langu, tanboi hayupo. Kila kizuizi nilikuwa najiuliza askari wataniambia nini. Ndiyo sababu nimesimama hapa kwenye watu, waone mlango wangu u wazi na mimi niko nje. Sikutaka kusimama kichakani."

Nikaangalia. Kweli, mita chache kutoka hapo kulikuwa na akina mama wanauza mihogo. Sikuwa nimewaona. Nilikuwa nikiangalia mikono yake tu.

Alinunua mihogo ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, akanipa kwenye gazeti, naye akala akiwa amesimama nje. Tulikula hivyo, yeye chini, mimi juu, mlango wazi, mpaka pilipili ikanitoa machozi na akacheka mara ya kwanza.

"Hayo maneno yako," akasema tulipokuwa tukiondoka, "wajiombea wewe kwanza?"

"Ndiyo. Lakini siwezi."

"Kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa karibu kumwambia. Kisha nikauma ulimi, na mahali pale palikuwa na pilipili.

Busia

Foleni ya Busia nayo haikuwa mchezo. Mzee Hamisi aliniteremsha mwanzoni kabisa, nikatembea kupitia mtaa wa Burumba na mkoba kichwani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikampigia kukhu kumwambia nimefika Busia, tutaonana usiku, kesho asubuhi nitaenda kumsalimia Mama Pamela.

"Utamsalimia wapi?" kukhu akasema. "Kijana wake amefika leo. Ameona mawingu, anataka wafunge safari jioni kabla barabara haijaharibika. Mizigo iko nje."

Nilisimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akanipigia kelele, "Dada, toka, ama nikupakie?" Nikatoka. Tuseme ukweli, kuna sehemu yangu ilifurahi. Ilisema, basi, umechelewa, si kosa lako, rudi. Nilikaa kwenye ngazi za duka la nguo kuukuu na ile sehemu ilikuwa bado inaongea. Sikuichapa. Niliiambia, nimekusikia, lakini twende.

Magari ya kwenda upande wa Budalang'i, iliko Rukala, yalikuwa yakingoja kujaa. Nikapata pikapu ya samaki iliyokuwa imeshusha mzigo na inarudi ziwani tupu. Nyuma kulikuwa na makasha yanayonuka na mama mmoja wa Uganda anayeenda kununua omena, akiwa na magunia yake matupu.

"Wewe mutoto, songa," akaniambia kabla sijakaa. "Unakalia gunia yangu."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Songa."

Nilisonga. Akasema nimesonga sana, nitaanguka, halafu watu waseme ni yeye amenisukuma. Nikarudi. Akasema namwaga maji ya nguo zangu kwake. Nilikumbuka sehemu ya mtu usiyemjua. Nikasema kimoyomoyo, mama huyu awe salama, awe na amani. Halafu nikaongeza, na anyamaze. Madam hajatufundisha hiyo.

Mvua iliponyesha kweli kweli, alifungua karatasi ya nailoni aliyokuja nayo, akajifunika, akanivuta kwa shingo ya sweta nikaingia chini yake. Aliendelea kunigombeza huko ndani, mdomo karibu na sikio langu, kwamba watoto wa Kenya hatuna akili ya kubeba nailoni. Nililala kidogo begani kwake. 

Tuta

Pikapu iliniacha barabarani, na dereva wa boda akanifikisha mpaka mahali matope yalipomshinda. "Hapa ni miguu, sistangu," akasema.

Sikuwa nimekanyaga tuta lile tangu siku ya maji. Upande wa kushoto mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unapita bila kelele. Huo ukimya ndio ulionitisha zaidi. Palikuwa na sehemu moja njia imezama, maji ya kufika kwenye vifundo. Nikasimama hapo. Miguu ilikumbuka kabla yangu. Jua lilikuwa linashuka, na mbele nikaona gari dogo jeupe limeegeshwa karibu na nyumba ya Mama Pamela, buti wazi.

Sikupata ujasiri wowote. Nawaambia kwa sababu mtadhani nilipata. Niliweka mkono kifuani kama tunavyofanya, nikasema, huyu anaogopa. Si mimi naogopa. Huyu. Kama ninavyoweza kusema juu ya mtoto wa jirani. Nikamshika huyo nikavuka naye.

Kwa Mama Pamela

Mikeka ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba. Sufuria zilikuwa ndani ya gunia. Mama Pamela alikaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, na kijana wake alikuwa akipanga vitu kwenye buti.

"Hodi," nikasema.

Hakugeuka.

"Hodi hapa."

Kijana ndiye aliyeniona. Akatikisa kichwa. "Umeona, mama? Mtoto wa watu amepiga hodi mara mbili, yuko hapa nyuma yako. Ndiyo maana nakuambia twende."

Mama Pamela akageuka. Aliponiona uso wake ulichangamka, halafu ukaanguka. "Hata wewe sikukusikia," akasema, na akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimelifanya tena kosa lile lile. Mbele ya macho yangu.

"Si masikio," nikasema.

"Anasema nini?"

"Hata mimi sijasikia," kijana akajibu.

Nyayo chini. Matope yalikuwa baridi. Pumzi moja. "Si masikio yako, mama. Siku ya maji sikukuita vizuri. Niliita mara moja na sikungoja."

Kijana aliacha kupanga vitu.

"Kukhu yako alisema niliitika, kisha nikalala tena," Mama Pamela akasema polepole. "Nimejaribu kukumbuka nikiitika. Nimejaribu mwaka mzima."

"Hukuitika. Nilimdanganya."

"Uliita vipi? Ita vile uliita siku hiyo."

Sikutaka. Aliningoja. Nikaita jina lake kama siku ile. Kuku aliyekuwa akidonoa miguuni pangu hakuinua hata kichwa.

 Mama Pamela akainua ule mkono uliopinda, akagusa sikio lake. "Wajua nimekuwa nikifanya nini? Nikiamka asubuhi nayapiga makofi haya. Nayaambia, nyinyi ndio mmenivunja mkono. Kila siku. Masikio hayana makosa, na mimi nayapiga."

 Ulimi wangu ulikuwa mzito mdomoni, na vidonda vyake.

"Nisamehe, mama."

"Toka," akasema, bila kelele. "Nenda kwa kukhu yako. Leo sitaki kuona sura yako."

"Mama, mvua," kijana akasema. "Tufunge buti?"

"Nimesema leo sitaki."

Sikujua hilo la pili alimwambia nani.

Kukhu nilimweleza nikiwa bado nimesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alinipakulia ugali na kunde, akasema, "Kula," na alipoona sili akasema, "Nilijua sauti yako ni ndogo na bado nikakutuma. Na uliposema ameitika, nilitaka sana iwe kweli, sikuuliza tena. Hilo ni langu." Akasogeza sahani. "Lakini halifuti lako."

Kabla ya kulala nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajaribu yale maneno. Nikikosea, nijihurumie. Yalitoka. Sikujisikia mwepesi, Brenda, kama wanavyosema watu kwenye ushuhuda. Bado niliogopa kila kitu. Ila sikuuma ulimi. Na usingizini nilikuwa nikisikiliza gari likiwashwa, sikujua kama nimelisikia au nimeliota.

Jumapili asubuhi

Msimu wa mvua mwito hupitishwa kila asubuhi kwa majaribio, hata kama mto umetulia. Kukhu alikuwa amenimiminia chai na kuiweka juu ya kigoda wakati nyumba ya juu ilipoita. Akaitika. Kisha akachukua fimbo yake na ule mtungi wa plastiki, ili aupige mpaka nyumba ya chini ya Mama Pamela isikie.

"Niachie mimi, kukhu," nikasema.

Nilisimama uani. Kulikuwa na ukungu na sikuweza kuona kama gari bado lipo. Mlango wa Mama Pamela ulikuwa umefungwa.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Mbwa wa watu akabweka. Kukhu akainua fimbo, nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Mara ya tatu sauti ilipasuka ikawa kama ya mvulana. Nilitaka kukimbilia ndani nijifunike. Ya nne, ya tano. Koo lilikuwa linawaka na machozi yananitoka na nilikuwa nikipiga kelele jina la mtu mzima kama mwendawazimu, mbele ya tuta zima.

Mlango ukafunguliwa.

"Nimesikia," Mama Pamela akasema. "Nimesikia tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nahesabu."

Hakuniangalia zaidi ya hapo. Alijifunga leso vizuri, akatembea mpaka mwisho wa ua wake, akainua kidevu akaita nyumba ya chini. Akangoja. Akaita tena. Nami nikasimama palepale mpaka niliposikia, mbali, nyumba ile ikimwitika, na nyingine chini yake ikiitwa.

Ndipo nikarudi nikashika kikombe changu. Chai ilikuwa imepoa.